Mkubwa Amshike Mdogo Mkono

Watu wengi hudhani kwamba mtoto wa maskini huikosa elimu kwa sababu moja tu, nayo ni fedha. Ni kweli kwamba ada ni kizuizi kikubwa. Lakini wako watoto waliofunguliwa mlango wasiingie. Hawakuingia kwa sababu hawajapata kumwona mtu wa kwao aliyeingia. Baba hakusoma, mama hakusoma, wala jirani hakusoma. Na Chuo Kikuu kwao ni kama nchi ya mbali isikikayo kwa jina tu. Katika makala hii nataka kueleza jinsi wanafunzi wa Vyuo Vikuu katika nchi nyingine walivyojaribu kukiondoa kizuizi hicho cha pili, na jambo moja liwezalo kuiharibu kazi yote.

Mpango mmoja mashuhuri ulianza Israel mwaka wa 1974, katika Chuo cha Weizmann mjini Rehovot. Jina lake ni Perach, neno la Kiebrania lenye maana ya ua. Mapatano yake ni mepesi kuyafahamu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu hupewa mtoto mmoja atokaye katika nyumba yenye shida. Hukutana naye mara mbili kila juma, kwa muda wa saa mbili hivi, mwaka mzima wa masomo. Na mwanafunzi hulipiwa sehemu ya ada yake. Hivyo hata mwanafunzi asiye na kitu aweza kuwa mwongozi, kwa maana hana haja ya kuchagua kati ya kumsaidia mtoto na kutafuta kibarua cha kujilipia masomo.

Habari za mpango huo zilifika Uswidi, na mwaka wa 1997 ulianza mwingine wa namna hiyo katika mji wa Malmö. Malmö ni mji wa bandari ulio kusini mwa nchi hiyo. Zamani watu wake wengi walipata riziki katika kiwanda cha kuunda meli, lakini kazi ya kuunda meli za biashara ilikoma katika miaka ya 1980. Tena wamehamia huko watu wengi kutoka nchi za mbali, ambao watoto wao huzungumza lugha moja nyumbani na nyingine shuleni. Mpango wa Malmö uliitwa Näktergalen, ambalo ni jina la ndege mdogo wa Ulaya asifiwaye kwa sauti yake tamu. Waliouanzisha walichagua jina hilo kwa kuwa husemwa kwamba ndege huyo huimba vizuri anapojiona yu salama. Na mtoto ni vivyo hivyo.

Watoto walikuwa wa umri wa miaka 8 hadi 12, na wanafunzi wengi walikuwa wakijifunza ualimu au kazi ya ustawi wa jamii. Walikutana mara moja kwa juma kwa muda wa saa mbili au tatu, tangu mwezi wa Oktoba mpaka Mei. Lakini hawakukutana ili kufanya hesabu wala kusahihisha imla. Walikwenda maktaba, walitazama makumbusho, walipika chakula, walicheza mpira, au walitembea mjini tu na kuzungumza.

Huenda msomaji akauliza, “Kama hakuna masomo, faida iko wapi?” Faida ni hii. Mtoto aliyezoea kuwa mmoja kati ya wengi darasani, kwa mara ya kwanza anapata mtu mzima anayemsikiliza yeye peke yake. Anaulizwa maoni yake, na jibu lake linafuatwa. Akisema twende maktaba, wanakwenda maktaba. Kidogo kidogo anajifunza kusema bila kuogopa kuchekwa. Tena anafika Chuo Kikuu na rafiki yake, anaona kwamba pale pana ngazi na viti kama mahali pengine, na kwamba wanaosoma pale nao huogopa mitihani. Siku hiyo ile nchi ya mbali yaanza kuwa mahali ambapo hata yeye aweza kwenda.

Mwanafunzi naye hatoki mikono mitupu. Yule atakayekuwa mwalimu anafahamu kwa nini mtoto fulani huchelewa au husinzia darasani, jambo ambalo vitabu haviwezi kumfundisha sawasawa. Basi si ajabu kwamba mpango wa Malmö ulifuatwa na miji mingine ya Ulaya, katika Norwei, Austria, Ujerumani na Hispania.

Sasa nalitaja lile jambo la hatari. Mwaka wa 2002 wataalamu wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walitoa habari za uchunguzi juu ya watoto zaidi ya 1,100 waliohusika na mpango wa kupewa waongozi watu wazima. Watoto waliokaa na waongozi wao mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata faida kubwa. Lakini wale ambao urafiki wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini kwao. Sababu yake si ngumu kuifikiri. Mtoto ambaye amekwisha kuachwa mara nyingi hasemi, “Yule kaka ana kazi nyingi.” Husema moyoni, “Ameniona sifai.” Kwa hiyo msaada ulioanzwa kwa furaha na kuachwa njiani waweza kuwa mbaya kuliko kutokuanza kabisa. Wazee wetu walisema kwamba ahadi ni deni, na deni la mtoto ndilo zito kuliko yote.

Habari hizi zatuhusu sisi pia. Mwaka ule ule wa 1997 Serikali yetu ya Uganda ilianza kuwapa watoto elimu ya msingi bila ada, na shule zikajaa. Mlango wa kwanza ulifunguliwa. Lakini wako watoto wanaofika darasa la saba bila kumjua hata mtu mmoja awezaye kuwaambia sekondari kukoje, au mtu huvukaje kutoka huko hadi Chuo Kikuu. Ninyi wanafunzi wa zamani mlio Makerere, Kyambogo, Gulu au Mbarara mwaijua njia hiyo kwa miguu yenu wenyewe. Sisi tulio hapa twajua walau nusu yake.

Anayetaka kuanza, na aanze kwa mtoto mmoja. Kwanza apate ruhusa ya wazazi na ya mwalimu mkuu, na wakutane mahali panapoonekana na watu. Asiahidi fedha, wala asiahidi siku nyingi asizoziweza. Kama ni Jumamosi moja kwa mwezi, na iwe hiyo, lakini asiikose. Na siku ya mwisho ijulikane tangu mwanzo, ili mtoto asikae mlangoni akimngoja mtu ambaye hatakuja.