Milima ya Maniema na Maji Yake

Mtu akiulizwa juu ya milima ya Kongo, mara hutaja Ruwenzori na Virunga. Maniema hupitwa, kana kwamba ni msitu na tambarare tu. Basi, wasomaji wapenzi, tuitazame leo nchi hiyo, tukianzia bondeni na kupanda juu.

Jimbo la Maniema, lililotengwa na Kivu mwaka 1988, lina kilomita za mraba zipatazo 132,000. Rwanda na Burundi zingeingia humo mara mbili, na nafasi ingebaki. Upande wa chini ni bonde la Lualaba, mto upitao Kasongo, Kibombo na Kindu. Hapo Kindu kimo cha nchi ni mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea mashariki, ardhi yapanda, vilima vyafuatana, hata kuifikia milima ya Itombwe katika Kivu ya Kusini, ambayo kilele chake, Mohi, kina mita 3,475.

Kwa sababu ya mteremko huo, mito mikubwa ya mashariki hukimbilia magharibi. Lowa, Ulindi na Elila hukata misitu. Luama hupita kusini, katika nchi ya Kabambare. Yote humwagika Lualaba. Zamani wageni hawakujua maji hayo yaendako. David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871 baada ya kuugua vidonda vya miguu huko Kabambare, alidhani huenda Lualaba ni chanzo cha Nili. Stanley aliufuata mpaka karibu na bahari mwaka 1877, ikajulikana kuwa ndio mto Kongo wenyewe.

Sasa tusimame Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, penye vilima vya Namoya. Humo mna dhahabu. Kampuni za wakati wa ukoloni ziliichimba. Baadaye ikaja kampuni ya Banro ya Kanada, ambayo ilisimamisha kazi mwaka 2019 kwa ajili ya ukosefu wa usalama. Wachimbaji wadogo nao wamechimba kwa sururu na koleo.

Lakini kilima kina kazi nyingine kuliko kutunza dhahabu. Mvua ikinyesha penye miti na majani, maji huzama polepole, kisha hutoka chini kama chemchemi hata wakati wa kiangazi. Mteremko ukiachwa uchi, mvua hukimbia na udongo wake. Kijito hujaa matope, na shamba la mpunga bondeni hufunikwa na mchanga. Palipo na desturi ya kushika dhahabu kwa zebaki, hatari huzidi: sumu hiyo hukaa matopeni, huingia katika samaki, nayo huweza kuharibu ubongo wa mtoto angali tumboni mwa mama yake.

Tufanye nini? Tulime matuta ya kukingama mteremko, wala si ya kuteremka nao. Tuache miti kileleni na kando ya chemchemi. Mashimo yaliyokwisha kazi yafukiwe, na dhahabu isioshwe mahali akina mama wanapoteka maji. Mara nyingi mwenye sururu na mwenye jembe ni watu wa nyumba moja. Afadhali washauriane jioni, kabla mmoja hajaharibu riziki ya mwenziwe. Dhahabu itauzwa mbali, lakini maji ya vilima hivi watayanywa watoto wetu.