Saratani ya Mfereji wa Sikio: Matibabu na Matokeo Yake

Sikio linalotoa usaha ni jambo la kawaida kliniki, na mara nyingi chanzo chake ni maambukizi yanayopona kwa kusafishwa na kwa dawa ya matone. Saratani ya mfereji wa sikio huanza kwa dalili zizo hizo. Ni ugonjwa adimu, unaokadiriwa kumpata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka. Mhudumu aweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao. Uadimu huo huchelewesha utambuzi, na kuchelewa huko huathiri sana matokeo ya tiba.

Aina inayoonekana zaidi hutokana na seli bapa za ngozi ya mfereji. Dalili za kutilia shaka ni usaha wenye damu, maumivu makali yasiyotulia, kinyama au kidonda ndani ya mfereji, na usikivu kupungua. Uso ukipooza upande mmoja, huenda ugonjwa umekwisha kupenya ndani. Sikio lisipopata nafuu baada ya wiki chache za matibabu sahihi, mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo ili kipande cha nyama kichukuliwe na kupimwa maabara. Kinyama kilichoondolewa sikioni kisitupwe bila kupimwa. Na jibu likionyesha maambukizi tu ilhali dalili zinaendelea, kipimo kirudiwe.

Saratani ikithibitishwa, picha ya CT huonyesha mfupa ulivyoliwa, na MRI huonyesha ugonjwa ulivyoenea katika nyama laini, neva na utando wa ubongo. Kwa vipimo hivyo ugonjwa hupangwa katika hatua 4.

Upasuaji ndio msingi wa tiba. Katika hatua za mwanzo, mfereji wote huondolewa kwa pamoja na kiwambo cha sikio na vijifupa viwili, nyundo na fuawe. Kukwangua uvimbe peke yake hakutoshi, kwani mabaki hurudi. Ugonjwa ukienea, huenda ikalazimu kuondoa pia sehemu kubwa zaidi ya mfupa, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio na tezi za limfu za shingo. Tibamionzi hufuata endapo ugonjwa umesogea mbele au kingo za upasuaji zina mabaki ya saratani. Nchini Tanzania tiba hiyo hutolewa, miongoni mwa kwingineko, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wagonjwa wengi wanaotibiwa katika hatua ya 1 na ya 2 huwa hai miaka 5 baadaye. Katika hatua ya 4 matumaini hupungua sana, hasa uso ukiwa umepooza au tezi za shingo zimeshambuliwa.

Baada ya upasuaji wa hatua za mwanzo, usikivu wa sikio hilo hupungua; lakini sikio la ndani likisalimika, kifaa kinachopitisha sauti kupitia mfupa huweza kusaidia. Mgonjwa ambaye jicho halifumbi kwa sababu ya kupooza huhitaji matone ya kulilainisha na kulifunika usiku. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Hivyo mahudhurio ya kliniki yasikatizwe hata kidonda kikiwa kimepona.