Jeraha la Mionzi na Ujirani wa Chembe

Wapo wagonjwa wa saratani wa Visiwani wanaovuka bahari kwenda kutibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hurejea na uchovu na ngozi iliyoungua, na baadhi hudhani mashine ilikosea.

Sayansi ina maelezo mengine. Mwaka 1992 wataalamu Nagasawa na Little, nchini Marekani, walionyesha maabarani kwamba ingawa chini ya asilimia 1 ya chembe hai zilipitiwa na mionzi ya alfa, asilimia 30 zilipata athari katika kromosomu zake. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: chembe iliyojeruhiwa huzipelekea jirani zake habari, kwa vijia vinavyoziunganisha na kwa kemikali inazozitoa. Mojawapo, TGF-beta, huziamsha chembe zinazojenga kovu. Ndipo pafu au ngozi hukakamaa miezi, hata miaka, baada ya tiba.

Kwa hiyo tunasema: mgonjwa asikatize tiba kwa hofu, wala asisahauliwe akisharudi nyumbani. Hospitali za wilaya zimchunguze kila mara, na viongozi wahakikishe nauli yake ya kurudi kliniki haikosekani.