Usisugue ile feza ya babu

Mimi ni mtu wa agronomia, si mtu wa makumbusho. Lakini kisha matanga ya babu tulifungua sanduku lake, tukakuta sarafu mbili za pembe sita, zenye picha ya tembo na mwaka 1943. Kisha siku mbili, moja ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Mdogo wangu aliisugua na ndimu na majivu, vile tunafanyaga vyombo. Alifikiri anasaidia. Baba mkubwa akachukua ile ingine, nyeusi-nyeusi, akanipa: "Wewe uko na lisansi, utuambie. Tuisafishe, ama tuitume Ulaya waitie bei? Minervali inatungoja."

Nikatafuta.

Ile sarafu ni franka mbili za Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji, basi feza ya huku ikabidi itengenezwe kwingine: franka mbili za 1943 zilipigwa Philadelphia, Marekani, na franka 50 za 1944, zenye madini ya fedha, zilipigwa Pretoria.

Yetu ni ya shaba ya njano, maana yake shaba na zinki. Miaka 80 ya hewa, jasho la mikono na unyevu imeivalisha ngozi nyembamba. Sisi tunaiona uchafu, kumbe ni metali yenyewe iliyobadilika, na inakinga ile ya chini. Asidi ya ndimu inakula ngozi hiyo, kisha inaendelea na metali. Zinki inatoka mbele, ndiyo maana ile ya mdogo wangu iko na mabaka mekundu. Majivu nayo iko na chembe ngumu zinazoacha mikwaruzo. Mkusanyaji anaigeuza tu chini ya taa, anajua. Wenzangu wa kilimo wataelewa haraka: ni kama udongo wa juu. Mvua ikiubeba, huurudishi na ndoo.

Kuna jambo moja la kuangalia, rangi ya kijani. Ni chumvi za shaba, jamaa ya ile dawa ya shaba tunayopulizia nyanya. Ikiwa ni unga-unga unaochimba sarafu, hiyo ni ugonjwa. Mara nyingi inasaidiwa na unyevu, ama na vile vimfuko laini vya plastiki (PVC). Kwa hiyo toa sarafu kwenye plastiki, uiweke ndani ya bahasha ya karatasi kavu. Ikiwa na mafuta ama udongo, iloweshe kwenye maji yaliyotoneshwa ya famasi, ama asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, dirisha wazi na mbali na moto. Usitumie dawa ya kutoa rangi ya kucha, mara nyingi iko na mafuta na manukato. Kausha kwa kugusa-gusa na kitambaa, bila kusugua. Inatosha.

Sasa kuituma. Kampuni zinazojulikana sana ni PCGS na NGC, za Marekani, zilizoanza 1986 na 1987. Hazinunui wala haziweki bei, hapo baba mkubwa alikosea. Zinaangalia kama sarafu ni ya kweli, zinaipa daraja kutoka 1 mpaka 70, zinaifungia ndani ya kasha gumu. Iliyosuguliwa inaandikiwa "Details", bila namba. Na gharama? Makumi ya dola kwa sarafu moja, ongeza usafiri na bima, kwenda na kurudi. Franka mbili za 1943 zilipigwa kwa mamilioni. Iliyotumika sokoni kama yetu haiwezi kulipa hata ile safari. Mtu aliyerithi franka 50 za 1944 katika hali nzuri, franka tano za Leopold II za miaka ya 1887, ama ile ya dhahabu ya Katanga ya 1961, huyo apige hesabu yake vizuri, na asiiguse kwanza.

Nilimweleza baba mkubwa hivyo. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo hakuna minervali ndani yake?" Nikasema hapana. Tuliuza mbuzi wawili. Sarafu zote mbili ziko kwenye bahasha, kila moja yake, na bei ya mtu wa sokoni hatujaiuliza.

Mdogo wangu juzi aliniuliza kama ile yake itarudia kuwa nyeusi. Ndiyo, pole pole. Lakini mikwaruzo itabaki chini yake.