Kikasha Chako cha MIDI Kimekataa Kutoa Hata "Tii"? Soma Hii Kabla Uagize Vitu Tena Nairobi

Kuna kimya flani huwezi eleza mtu. Umekaa wiki mbili ukiunganisha waya, umeshika kikasha chako ka mtoto mchanga, mbogi yote imekuzunguka. Unabonyeza kitufe cha kwanza. Zii. Unabonyeza tena kwa nguvu, utadhani shida ni kidole. Bado zii. Halafu kuna mse mmoja anacheka kwa pua.

Sisi ilitupata Kalobeyei, Village 1, ndani ya keja ya mabati, saa nane mchana. Kama umewahi kaa Turkana unajua saa nane mchana ni nini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi Lodwar. Boy wangu ni prodyuza. Alizaliwa Burundi, amekulia Kakuma, ana laptopu moja yenye kioo kimepasuka na maskio ya maajabu. Ngoma zote alikuwa anapiga drum na herufi za laptopu, moja moja. Tukasema tuunde kikasha cha vitufe vinane kama zile pedi za studio kubwa. Kwaya moja ilikuwa inakuja kurekodi Jumamosi na ilikuwa ishatoa advansi. Advansi ndio ilinunua vitu. Sasa unaona vile kile kimya kilikuwa kinatuuma.

Na huku ukiunguza kitu, huendi duka la pili. Vitu vyetu vilitoka Luthuli Avenue, vikapanda basi hadi Kitale, Lodwar, ndio vikafika Kakuma. Mto Tarach ukijaa unaweza ngoja hata zaidi. Kwa hivyo usinunue kitu chochote mpaka ujue ujumbe unafia wapi. Wasee wengi hubadilisha bodi nzima, na kumbe shida ni kawaya ka shilingi hamsini.

MIDI sio sauti, boss

Hapa ndio wengi hujichanganya. MIDI haibebi sauti hata kidogo. Ilitoka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuongea, na hadi leo bado inatumika. Ukibonyeza kitufe, kikasha hutuma kitu ka SMS ya namba tatu. Mfano 144, 60, 100: "Anza noti, ni C ya katikati, gonga kwa nguvu ya 100." Ukiachilia, inatuma nyingine ya kusema noti iishe. Sauti yenyewe inatoka kwa kinanda ama programu ya muziki ndani ya kompyuta. Ukichomeka spika kwa kikasha ungoje biti, utangoja hadi uzeeke.

Sasa safari yako ni hii: kitufe, bodi, kebo, kompyuta, programu, spika. Anza nyuma. Fungua programu, bonyeza noti na mausi. Ikilia, spika na programu ziko fiti, hizo sahau. Songa hatua moja mbele, halafu nyingine. Ni kama kutafuta mahali bomba la maji limepasuka, unaangalia kila kijiji kama maji imefika.

Sisi ilikwama hatua ya kwanza kabisa. Laptopu haikuwa inaona bodi. Taa ya bodi inawaka vizuri, lakini kwa laptopu hakuna kitu. Tulishaanza kulaumu duka. Tukapeleka kwa fundi mmoja wa simu pale Kakuma 1, upande wa soko la Waethiopia, mzee hivi. Hata hakufungua kikasha.

"Vijana, hii waya mlitoa wapi?"

"Ilikuwa ya chaji ya simu, mzee."

"Basi ni ya chaji tu. Haina njia ya data. Shika hii."

Akachomeka yake, laptopu ikalia tung'! Kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili tu za stima ndani, zile za data hazimo. Taa inawaka, chaji inaingia, lakini ujumbe hauna barabara. Jaribu na kebo ambayo umeshawahi kuhamishia picha nayo, kabla hujagusa kitu kingine. Mzee hata alikataa pesa, alitaka tu kuona kikasha kikilia. Tulimwambia tutarudi.

Bodi gani uko nayo?

Hii ndio ilitula siku mbili, so sikiza poa.

Sisi tulinunua Arduino Uno ya kunakili, ile yenye chipu ya CH340. Ni nzuri na ni rahisi. Lakini ukiichomeka, kompyuta haioni kifaa cha muziki. Inaona tu laini ya data ya kawaida. Ukifungua FL Studio utafute kikasha chako kwa orodha ya vifaa vya MIDI, hutakiona, hata ukiomba. Hakijaharibika. Hakijui tu kujitambulisha.

Bodi zenye chipu ya ATmega32U4, kama Pro Micro ama Leonardo, hizo zinajitambulisha zenyewe kama kifaa cha MIDI ukitumia laibrari ya MIDIUSB. Kama hujanunua bado, nunua hiyo, utanishukuru. Kama ushanunua Uno kama sisi, usilie. Kuna programu za bure: Hairless inasoma ile laini ya data na kuigeuza kuwa MIDI, na kwa Windows unaongeza loopMIDI ili programu ya muziki iwe na mlango wa kupokea. Na kama laptopu haitambui CH340 kabisa, weka draiva yake kwanza.

Tukafanya hivyo. Kitufe cha kwanza kikalia! Tulipiga nduru mpaka majirani wakachungulia.

Furaha ikakaa kama dakika tatu. Kikasha kikaanza kupiga noti chenyewe. Hakuna mtu amegusa. Tata-tata-ta, kama jini ameingia na ana mdundo. Boy wangu akaniangalia: "Kaka, hii ni nini umeleta kwangu?"

Hakuna jini. Pini ya bodi ambayo haijashikwa na kitu inaelea. Inakuwa kama antena, inaokota kelele za stima, za mkono wako, za kila kitu, halafu inadhani ni kitufe. Dawa ni neno moja kwa kodi: badala ya INPUT andika INPUT_PULLUP. Hapo bodi inashikilia pini juu yenyewe, na kitufe kinaivuta chini kwa graundi. Jua tu kwamba mambo yanageuka: kitufe kikibonyezwa, pini inasoma LOW. Ukisahau hiyo, noti italia ukiachilia na itanyamaza ukibonyeza. Tulikuwa hapo pia.

Kitufe kikipiga mara mbili ukibonyeza mara moja, ni chuma cha ndani kinarukaruka kabla kitulie. Ambia kodi ipuuze mabadiliko yoyote ndani ya milisekunde kama 20. Na kile kitufe kidogo cha miguu minne, miguu yake imeungana miwili miwili tayari. Ukikiweka vibaya kwa bredibodi, bodi itadhani umekibonyeza milele. Kizungushe robo.

Kuna pia noti kukwama, ile inalia "oooo" haikomi. Hiyo ni ule ujumbe wa kumaliza haujatumwa, ama umetumwa kwa chaneli nyingine. Tuma kontroli namba 123 kwa chaneli hiyo na vifaa vingi vitanyamaza, halafu rudi kwa kodi ukaangalie kama kila mwanzo wa noti una mwisho wake.

Nikae hapa kidogo, maana kuna watu watasema hizi vitu ni za watu wa ng'ambo. Kampala kuna Brian Bamanya, anajulikana kama Afrorack. Aliona sinthesaiza za modula ni bei ya kuumiza, akajifundisha na akajiundia yake mwenyewe. 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya huko Kampala ikatoa albamu yake, The Afrorack. Na yake ni mlima wa waya. Yetu ni vitufe vinane tu na bado ilitutoa jasho.

Kinanda cha kanisa

Alhamisi stima ya laptopu ikaanza kusumbua. Tukasema wacha kikasha kiongee na kinanda cha kanisa moja kwa moja, maana hicho ni cha zamani na kina lile tundu la duara la pini tano. Angalia kwanza kama chenu kinalo. Vinanda vingi vipya vya bei ya chini vina USB pekee.

Kuunganisha ni rahisi ukisoma: pini 4 inaenda kwa volti 5 ikipitia rizista ya omu 220, pini 5 inaenda kwa TX ya bodi ikipitia 220 nyingine, pini 2 ni graundi. Tukaunganisha. Zii.

Makosa yalikuwa mawili kwa mpigo, na hiyo ndio noma, ukirekebisha moja bado unaskia kimya na unadhani umekosea.

La kwanza, pini hazihesabiwi moja, mbili, tatu kwa mstari. Kwenye duara zinakaa 1, 4, 2, 5, 3. Na ukigeuza tundu uunganishe kwa nyuma, kushoto inakuwa kulia, so 4 na 5 zinabadilishana. Ile 2 inabaki katikati, ndio maana hushtuki. Jaribio la bure: toa kinanda, weka taa ndogo ya LED, mguu mrefu kwa 4, mfupi kwa 5. Andika kodi ya kutuma noti bila kupumzika. Taa ikiwaka hata kidogo, ujumbe unatoka. Isipowaka, badilisha zile nyaya mbili. Kinanda kilichoundwa vizuri kina dayodi ya kukilinda ukikosea hapo.

La pili ni spidi. Hairless tulikuwa tumeiwekea 115200. Lakini MIDI ya pini tano inaongea kwa 31250 pekee, hiyo haibadiliki. Kinanda kilikuwa kinapata ujumbe wetu kama mtu anayeongea haraka sana kwa lugha hajui. Tukabadilisha namba kwa Serial.begin, na hapo ndio kikalia.

Na rizista zisome mchana nje, si na tochi ya simu. Nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220. Nyekundu, nyekundu, machungwa ni 22,000, na hapo hakuna stima ya maana itapita.

Kitu cha mwisho ni cha huku kwetu. Usifunge nyaya na ile tepu nyeusi pekee. Chini ya mabati gundi yake inayeyuka, tepu inateleza, na ghafla volti 5 imebusu graundi. Tulinusa kabla tuone. Tulichomoa haraka, bodi ikapona. Sasa tunatumia solda na kile kimpira cha kujikunja kwa moto.

Kwaya ilikuja Jumamosi wakiwa kumi na mmoja. Yule mzee fundi pia alikuja, akakaa mlangoni. Kitufe cha sita bado kinagonga mara mbili vumbi ikiingia, kwa hivyo tumekiwekea kayamba. Hapo hakuna mtu hujua.