Ahmedabad: Mji Uliovunja Ukuta Ukabaki na Malango

Asubuhi, uwanja wa Manek Chowk ulio katikati ya Ahmedabad ni soko la mboga, na kandokando yake wacha Mungu hununua majani mabichi ya kuwalisha ng'ombe. Jua likipanda, wauza dhahabu na fedha hufungua maduka yao, na uwanja uleule ukawa mahali pa mizani midogo na mabishano ya bei. Usiku masonara wakishafunga, huingia wenye majiko. Meza hupangwa mbele ya milango iliyofungwa, vyuma vya kukaangia dosa hupata moto, siagi huyeyuka juu ya mikate ya pav bhaji, na watu hula mpaka usiku wa manane. Hakuna bango linalotangaza zamu hizi. Mboga huipisha dhahabu, dhahabu ikakipisha chakula, na kila mkazi anajua ni saa ya nani.

Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Wazee wanasimulia kwamba ukuta wa mji ulipokuwa ukijengwa, mtawa mmoja aitwaye Maneknath alikuwa akisuka mkeka mchana kutwa. Usiku aliufumua, na kila alipoufumua, kazi yote ya waashi ikaporomoka. Sultani hakuendelea mpaka alipopatana naye, na uwanja ukapewa jina la mtawa. Hiyo ni hekaya, lakini ni hekaya inayoujua mji wake: tangu mwanzo, wenye mamlaka hapa wamejenga, na watu wa kawaida wameamua kitakachosimama.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika mitaa iitwayo pol. Mji mkongwe una mamia ya pol. Kila moja ni kichochoro kilichofungwa kwa lango moja au mawili, chenye nyumba zilizobanana, za orofa mbili au tatu, zilizojengwa kwa matofali na mbao za kuchongwa. Ndani ya nyumba kuna ua mdogo unaoingiza mwanga na upepo, na katika nyumba nyingi, chini ya ua, kuna birika lililochimbwa ardhini kukusanya maji ya mvua. Mbele kuna otlo, kibaraza kilichoinuliwa kidogo kutoka njiani. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa kazi yake: ni baraza. Hapo wanawake huchambua mboga, wazee husoma gazeti, na kila apitaye huulizwa anakwenda wapi.

Kwenye makutano ya vichochoro husimama chabutro, mnara mdogo wenye kibanda juu, ambako nafaka humwagwa kila asubuhi kwa ajili ya ndege. Wajaini, ambao dini yao inakataza kudhuru kiumbe chochote, wameishi kwa wingi katika mitaa hii, na Wahindu wengi wanashiriki desturi hiyo. Mji ulipobanana hadi mti wa kutua ukakosekana, watu waliwajengea ndege pa kutua.

Lakini kilichoifanya pol kuwa pol ni mapatano yake zaidi ya mbao zake. Kumbukumbu za utawala wa Kiingereza za karne ya 19 zinayaeleza kwa kirefu. Zamani mtu hakuruhusiwa kumuuzia mgeni nyumba wala kuiweka rehani bila kwanza kuwapa nafasi majirani zake. Nyumba ikiuzwa, sehemu ya fedha iliingia katika mfuko wa pol, na arusi nazo zilikuwa na mchango wake. Kwenye sherehe kubwa, mwenye nyumba alitarajiwa kuilisha pol nzima. Mtu akifariki, katika baadhi ya mitaa wanaume wote walihudhuria mazishi hata kama hawakuwa wa tabaka lake. Aliyevunja kanuni alitozwa faini, na zamani, mpaka ailipe, hakuruhusiwa hata kuwasha taa nyumbani kwake. Fedha za mfuko zilisimamiwa na kamati ya watu wanaoheshimika, zikawalipa walinzi na kutengeneza lango, vyoo na taa za njiani. Hii ilikuwa serikali kamili, yenye kodi, adhabu na huduma, ndani ya kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono karibu aguse kuta zote mbili.

Haifai kuyapamba mambo hayo kupita kiasi. Malango yalishika umuhimu wakati wa misukosuko ya karne ya 18, Wamughali na Wamaratha walipokuwa wakigombea mji, na pol nyingi zilikuwa za tabaka moja, dini moja au kazi moja. Lango lililomlinda aliye ndani lilimwacha mwingine nje. Waliozaliwa katika matabaka ya chini waliijua Ahmedabad tofauti kabisa na mfanyabiashara wa hariri.

Hata hivyo mji haukuwa wa Wagujarati peke yao. Mwaka 1573, wakati usultani wa Gujarat ulipokuwa ukiangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Wamughali, Mwafrika mwenye asili ya Uhabeshi, Sidi Saiyyed, alikuwa akijenga msikiti mdogo karibu na ngome ya Bhadra. Madirisha yake ya mawe yamechongwa kama mti ambao matawi yake yanasukana kwa wembamba wa lasi. Leo mti huo ndio nembo ya mji, na umeingia hata katika alama ya chuo maarufu cha uongozi wa biashara kilichoko hapo. Jamii za Masidi, wenye asili ya Afrika, zinaishi Gujarat hadi sasa. Mtu wa Afrika Mashariki anayedhani India ni habari ya mbali na akautazame mti ule.

Ukuta wenyewe ulipita katika maisha mengi. Katika miaka ya 1830 wakazi walijitoza ushuru wa samli na bidhaa nyingine ili kuukarabati, na kutokana na mfuko huo ndipo serikali ya mji ilipoanza kuota mizizi. Karne moja baadaye mji huohuo ukaanza kuubomoa. Sababu zilikuwa zimejikusanya. Mwaka 1861 Ranchhodlal Chhotalal alifungua kiwanda cha kwanza cha nguo, na vingine vikafuata kwa makumi, hadi mji ukaitwa Manchester ya India. Ranchhodlal huyohuyo, akiongoza halmashauri, ndiye aliyesukuma mradi wa maji ya bomba mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakazi wengi wakipinga vikali, na mabirika ya chini ya ua yakaanza kusahauliwa. Mwaka 1892 daraja la chuma la Ellis Bridge likaunganisha kingo mbili za mto. Gandhi alipofika mwaka 1915, alipanga makazi yake ya kwanza upande ule wa pili, Kochrab, na mwaka 1917 akahamia kando ya Sabarmati. Matajiri nao walivuka, wakajenga nyumba zenye bustani. Katika miaka ya 1920, halmashauri ikiwa chini ya Vallabhbhai Patel, mipango ya kuuondoa ukuta ilishika kasi. Yakabaki malango mengi, yakiwa peke yake katikati ya magari, yakiongoza kwenye ukuta usiokuwapo.

Kwa vizazi kadhaa, ving'ora vya viwanda ndivyo vilivyoamsha upande wa mashariki. Wafanyakazi waliishi katika safu za vyumba ziitwazo chali, wakajenga chama chao mwaka 1920 baada ya mgomo mkubwa wa 1918, ambapo Anasuya Sarabhai, dada wa mwenye kiwanda, alisimama upande wa wagomaji. Kisha, hasa katika miaka ya 1980, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Mji uliopimwa kwa zamu za kazi ukapoteza saa yake.

Siku ambayo mji mkongwe unarudi kuwa kitovu ni 14 Januari, sikukuu ya Uttarayan, jua linapohesabiwa kuwa limegeuka kuelekea kaskazini. Familia zilizohamia ng'ambo ya mto hurejea kwenye mapaa ya jamaa zao, na wasio na jamaa huyakodi, kwa maana hakuna pa kurushia vishada panapofanana na mapaa yaliyobanana ya pol. Siku nzima ni vigelegele, vitafunio vya ufuta na karanga, na kelele za ushindi kila uzi wa jirani unapokatwa. Vishada vingi hutengenezwa na familia za Kiislamu, vikarushwa na watu wa dini zote. Nyuzi hupakwa unga wa kioo, nazo hujeruhi ndege wengi. Ndiyo maana katika siku hizohizo wako watu wa kujitolea wanaopokea ndege waliokatwa mabawa, katika mji uleule uliojenga chabutro.

Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, wa kwanza nchini India kuorodheshwa kama mji. Heshima hiyo ilistahili. Tetemeko la ardhi la 26 Januari 2001 liliangusha majengo kadhaa mapya ya ghorofa, ilhali nyumba nyingi za pol, zenye mbao zilizofungamanishwa na matofali, zilistahimili. Tangu 1997 kumekuwa na matembezi ya asubuhi yanayowapeleka wageni kutoka hekalu la Swaminarayan la Kalupur mpaka Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424. Njiani hupita Lambeshwar ni Pol, penye sanamu ya mshairi Dalpatram, aliyefariki mwaka 1898, ameketishwa mbele ya mfano wa nyumba yake. Watoto huketi kando yake kama kwa babu.

Ila mshairi wa shaba haondoki, na majirani zake wanaondoka. Vyumba vya chini vimegeuzwa kuwa maghala, milango na nguzo za kuchongwa zimeuzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale, na warithi kumi wa nyumba moja hawapatani nani alipe fundi. Ghasia za kidini, zikiwemo za 1969, 1985 na zile mbaya kabisa za 2002, zimewafanya wengi watafute usalama miongoni mwa wa dini yao. Sheria ya jimbo ya mwaka 1991 inataka mauzo ya nyumba katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na misukosuko yapate kibali cha ofisa wa serikali. Zamani muuzaji aliwauliza majirani. Sasa anauliza ofisi. Lengo lililotajwa ni kuzuia watu wasiuze kwa hofu, lakini kibali cha ofisi hakijawarudisha Wahindu na Waislamu kuishi mlango kwa mlango.

Halmashauri imeorodhesha nyumba zaidi ya 2,000 za kulindwa, na imewawezesha wenye nyumba kuuza haki ya kujenga mahali pengine ili wapate fedha za ukarabati. Ni hatua nzuri, na haitoshi. Orodha inahesabu nguzo, roshani na milango. Haihesabu nani analala ndani, nani bado anamwaga nafaka kwenye chabutro, na nani atafika mazishini kwa jirani wa tabaka jingine. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyohiyo ya dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na wakazi wake wanaijua hali hii bila kusimuliwa. Walio na sauti katika miji hiyo mitatu na wadai kwamba fedha za urithi zimfikie kwanza mwenye nyumba anayeishi humo, kabla ya kumfikia anayetaka kuigeuza hoteli.