Somo la Uraia katika Shule za Kati za Marekani

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa, kwa kuwa Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 haikuitajia serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu inayounganisha majimbo, mamlaka juu ya elimu, na hivyo kila jimbo hujiamulia somo la uraia lifundishwe darasa lipi na kwa kina gani. Florida, kwa sheria ya mwaka 2010 iliyopewa jina la Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, ililiweka somo hilo katika shule ya kati, ngazi ya darasa la sita hadi la nane, na mtihani wake huchangia asilimia 30 ya alama za somo.

Msingi wa somo ni mgawanyo wa madaraka: Bunge hutunga sheria, Rais huzitekeleza au huzikataa kwa kura ya turufu, na mahakama hupima iwapo zinakubaliana na Katiba. Hayo hukaririwa upesi na husahaulika upesi vilevile. Katika upimaji wa taifa wa mwaka 2022, ni asilimia 22 tu ya wanafunzi wa darasa la nane waliofikia kiwango cha umahiri.

Kinachoshika zaidi ni kesi. Mnamo Desemba 1965, mjini Des Moines, Mary Beth Tinker, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alikwenda shuleni amejifunga kitambaa cheusi mkononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam, akasimamishwa masomo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliamua kuwa mwanafunzi haachi uhuru wake wa maoni nje ya lango la shule, ila uongozi unaweza kumzuia pale anapovuruga masomo kwa kiasi kikubwa. Msomaji wa rika lilelile hana budi kuuliza uvurugaji huanzia wapi, na swali hilo, ambalo majaji wenyewe wangali wakilirudia, lina thamani kuliko orodha nzima ya tarehe.

O'Connor alilitambua hilo alipoanzisha mwaka 2009 iCivics, taasisi inayotoa michezo ya kompyuta, ukiwamo mmoja ambamo mwanafunzi huendesha ofisi ya mawakili na kuamua iwapo mteja ana haki ya kikatiba anayoidai, kwani si kila mlalamikaji anayo.

Kwa wahamiaji, wakiwamo Wakongomani wazungumzao Kiswahili, somo hili lina upande wake wa ajabu: mzazi aombaye uraia kwa kawaida hufanya mtihani wa mdomo kuhusu serikali na historia, ilhali mwanawe wa chini ya miaka 18 anayeishi chini ya malezi yake kwa ukaazi wa kudumu huwa raia siku ileile mzazi anapoapishwa, bila kuulizwa swali hata moja.